Tippu Tip na nafasi zisizorudi

Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza ni hii: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Ya pili: tamaa mbele, mauti nyuma. Ya kwanza humsukuma mtu mgongoni, ya pili humshika nguo. Katika kitabu cha methali kila moja ina ukurasa wake na hakuna ugomvi. Katika maisha hukutana siku moja, juu ya jambo moja, na mtu hupewa muda mfupi tu wa kuamua ni ipi ya kusikiliza.

Tumechagua kusimulia hapa maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye Kongo yote inamjua kwa jina la Tippu Tip, kwa sababu ni wachache waliokutana na siku kama hizo mara nyingi kama yeye. Mara nyingi alinyosha mkono bila kusita. Mara moja, kwenye ukingo wa mto wetu, alirudi nyuma. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo katika ramani ya nchi hii, katika makaburi yasiyojulikana ya Maniema na Lomami, na hata katika lugha tunayoandikia makala hii. Kutoka Kindu mpaka Kisangani, kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi, jina lake hutajwa pamoja na minyororo. Hilo ni haki, wala hatuandiki ili kumsafisha. Tunataka kuelewa tu namna mtu mwenye akili nyingi alivyoamua, na nani alilipa gharama ya kila uamuzi.

Kijana asiyetaka kuongozwa

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Ukoo wake ulitoka Uarabuni, upande wa Maskati, lakini damu ya Kiafrika ilikuwa imekwisha kuingia katika nasaba yake, na rangi yake ilikuwa nyeusi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara wa bara. Alikaa sana Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na huko alimwoa Karunde, binti wa ukoo wa watemi. Kwa ndoa hiyo familia ilipata mlango wa kuingilia bara ambao wafanya biashara wengi wa pwani hawakuwa nao.

Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, Hamed alianza safari fupi za kununua sandarusi pamoja na ndugu zake. Alipofika miaka kumi na minane hivi, baba yake alimchukua mpaka Tabora, kisha akaamua kumpeleka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Urua, kutafuta pembe za ndovu. Baba alitaka mali iwe mikononi mwa mtu mzima. Kijana alikataa. Kama hakuaminiwa kusimamia mali, ilikuwa heri arudi pwani. Baba akakubali, na tangu siku ile Hamed hakusafiri tena chini ya mtu mwingine.

Lazima tukumbuke jinsi biashara ile ilivyokwenda. Mfanya biashara hakuwa na fedha zake. Alikopa nguo, shanga na bunduki kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, ambao mkubwa wao alikuwa Taria Topan. Alikaa bara miaka miwili, mitatu, pengine kumi, na aliporudi alilipa deni kwa pembe. Kila siku iliyopita bila pembe ilikuwa siku ya deni. Tena pembe hazikujibeba: kila mzigo ulihitaji bega la mtu. Wapagazi walipotoroka huko Uzaramo, Hamed aliwafuata, akawakamata wazee na jamaa zao, akawatia wengine minyororoni mpaka msafara ukakamilika. Wazaramo walimpa jina la Kingugwa, yaani chui. Tangu mwanzo, basi, kwake yeye kushika nafasi kulikuwa pia kushika watu.

Itawa, 1867

Nafasi kubwa ya kwanza ilimjia katika nchi ya Itawa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Mtawala wa huko, Nsama, aliogopwa na majirani wote. Alikuwa amekwisha kuwashinda wafanya biashara wa pwani waliomtangulia Hamed, na watu walisema ghala zake zimejaa pembe. Wenye busara walimshauri Hamed apite mbali. Yeye alikwenda.

Habari za yaliyotokea tumezipata hasa kutoka kwake mwenyewe, kwa hiyo tuzisome kwa uangalifu. Anasimulia kwamba alikaribishwa, akaonyeshwa mali, kisha akashambuliwa ghafula. Alichomwa mishale. Lakini watu wake wachache walikuwa na bunduki, na watu wa Nsama hawakuwa wameizoea silaha ile kwa wingi namna hiyo. Mji ulitekwa, na Nsama, ambaye nchi yote ilimdhani hawezi kushindwa, alikimbia. Hamed alihesabu mateka: frasila 1,950 za pembe, yaani karibu tani 30, na frasila 700 za shaba, yaani tani kumi na moja hivi, mbali na chumvi na watu.

Wakati uleule alipita mmisionari David Livingstone, aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda kwa Kazembe. Hamed alimpa chakula na msaada wa njia. Kutoka siku hizo jina la Tippu Tip likaenea. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesapepesa. Maelezo yote mawili bado yanasikika, lakini hilo la bunduki ndilo lililompendeza mwenye jina.

Tukilitazama jambo la Itawa kama somo la biashara tu, tutasema Tippu Tip alishinda kwa sababu alithubutu pale wengine waliposita. Ndivyo anavyosifiwa katika vitabu vingi vya Ulaya vya wakati ule. Lakini tani 30 za pembe zilihitaji kubebwa mpaka pwani, na waliozibeba walikuwa wengi wao watu waliotekwa katika vita ileile. Faida ilihesabiwa Unguja, frasila kwa frasila. Gharama ilibaki Itawa, na hapo hakuna aliyeihesabu.

Mjukuu wa Utetera

Karibu na mwaka wa 1870 Tippu Tip alianza safari yake ya tatu, iliyodumu miaka kumi na miwili hivi. Ndiyo iliyomleta katika moyo wa Kongo. Alipita Itawa tena, akavuka nchi ya Urua, na huko akasikia kisa ambacho mtu mwingine angekisikiliza jioni moja na kukisahau kesho yake. Watu walisimulia kwamba zamani mtawala mmoja wa Urua alikwenda kupiga vita Utetera, akawachukua mateka dada wawili wa ukoo wa kifalme, na kwamba mmoja wao alipotea katika nchi za mbali. Mtawala wa Utetera wa siku hizo, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na bado aliwakumbuka ndugu zake waliopotea.

Tippu Tip aliulizia majina, nasaba na njia waliyopita. Kisha akaingia Utetera na kujitambulisha kuwa mjukuu wa yule mwanamke aliyepotea. Bibi yake, alisema, aliuzwa kwa Mwarabu, akamzaa mama yake. Naye, mjukuu, amerudi kwa babu yake. Mzee alimpokea kwa furaha. Zaidi ya kumpokea, alimwachia utawala. Kwa desturi ya nchi pembe za ndovu zilikuwa haki ya mfalme, hivyo pembe ambazo msafara ungezinunua kwa shida mwaka mzima zililetwa zenyewe mbele ya mfalme mpya.

Kinachoshangaza ni kwamba uongo huu tunaujua kwa sababu aliyeusema ndiye aliyeuandika. Katika masimulizi ya maisha yake hauombei radhi wala hauremba. Anaueleza kama mtu anayeeleza namna alivyovuka mto wenye mamba: aliona pa kukanyaga, akakanyaga.

Hapa methali zetu mbili zinakutana uso kwa uso. Kisa kile kilikuwa nafasi ya pekee. Mzee angekufa, mwingine angetawala, na mlango ungefungwa. Kilikuwa pia kishawishi kwa maana kamili ya neno: kuchukua huzuni ya mtu mzee na kuifanya ufunguo wa ghala yake. Tippu Tip hakuona mambo mawili. Aliona jambo moja. Pengine ndipo ilipokuwa nguvu yake yote, na pengine ndipo pia ulipokuwa udhaifu wake, kwa maana mtu asiyetenganisha nafasi na kishawishi hatatambua siku ambapo yeye mwenyewe ndiye anayenaswa.

Kutoka Utetera utawala wake ulienea. Mwaka wa 1874 alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, akakutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, akamsaidia kuendelea na safari. Nyangwe ilikuwa bado na jeraha bichi: Julai 1871, kabla ya Tippu Tip kufika huko, watu wa wafanya biashara wengine wa pwani walifyatua bunduki katika soko, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi na kwa maji. Tippu Tip alihamia Kasongo, wakazi kutoka pwani wakamkubali kuwa mkubwa wao, na Kasongo ikawa mji mkuu wake. Mashamba ya mpunga yalilimwa, njia zikafunguliwa, misafara ikapita. Katika vijiji vilivyokataa, wanawake walikamatwa na kurudishwa kwa pembe, au hawakurudishwa. Miongoni mwa viongozi wake wa vita alikuwamo Ngongo Lutete, mtu aliyepitia utumwa akapanda mpaka kuongoza majeshi huko Lomami.

Mto alioucha

Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Maniema. Alitaka kujua Lualaba inakwenda wapi. Livingstone alidhani ni Nili. Wengine walidhani ni Kongo. Hakuna aliyekuwa ameufuata. Waliojaribu kwenda kaskazini walirudishwa na msitu, njaa na hofu. Stanley alimwahidi Tippu Tip dola 5,000 ili amsindikize hatua sitini. Jamaa zake walimkataza. Yeye alikubali, na tarehe 5 Novemba 1876 wakaondoka Nyangwe.

Safari ilikuwa ya taabu. Msitu ulikuwa mzito, ndui na kuhara viliua watu, wakazi wa kando ya mto walijilinda kwa mishale, na pembe hazikuonekana kulipa shida ile. Mwishoni mwa Desemba, karibu na Vinya Njara, kabla ya hatua sitini kutimia, Tippu Tip aliamua kurudi. Stanley alipanda mitumbwi, akapita maporomoko saba yanayoitwa leo Boyoma, akafuata mto mpaka Boma, alikofika Agosti 1877.

Hii ndiyo nafasi ambayo Tippu Tip hakuishika. Kwa hesabu ya mfanya biashara uamuzi wake ulikuwa wa busara: watu wanakufa, mali haipatikani, na malipo ni madogo. Tena alilalamika miaka mingi kwamba Stanley hakumlipa kama walivyoahidiana. Lakini siku ile mbele yake palikuwa na kitu kisichopimwa kwa frasila. Mtu ambaye angejua kwamba Lualaba ndio Kongo, na kwamba Kongo huishia Atlantiki, angejua pia kwamba utajiri wa Maniema una mlango wa pili, na kwamba wageni wanaweza kuingia kwa mlango huo. Tippu Tip alikuwa na watu, bunduki na jina kuliko Stanley. Kilichomfanya arudi ni mazoea yaleyale yaliyomtajirisha: alijua kuthamini kinachobebeka.

Stanley hakubeba pembe. Alibeba habari. Habari hizo alizipeleka Ulaya, na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akazinunua.

Pauni thelathini kwa mwezi

Mwaka wa 1882 Tippu Tip alifika Unguja na pembe nyingi, tajiri kuliko wafanya biashara wote wa bara. Sultani Barghash alimtaka ailinde Maniema kwa jina lake. Alirudi, na watu wake wakashuka mpaka maporomoko, pale Stanley alipokwisha kuweka kituo cha Leopold mwishoni mwa 1883. Sasa milango miwili ilitazamana: Wangwana kutoka mashariki, mawakala wa Leopold kutoka magharibi. Mwaka wa 1885 mataifa ya Ulaya yalilitambua dai la Leopold juu ya Kongo. Agosti 1886, Tippu Tip akiwa njiani kwenda Unguja, watu wake walikishambulia kituo cha maporomoko; mkuu wake, Walter Deane, alikimbilia msituni.

Unguja alikuta dunia imebadilika. Wadachi walikuwa wamechukua bara ya Tanganyika, na mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka huohuo wa 1886 yalimwachia sultani ukanda mwembamba wa pwani pamoja na visiwa vyake. Barghash hakuwa tena na nguvu ya kumlinda mtu Maniema. Hapo, Februari 1887, Stanley akatokea tena. Alikuwa akienda kumtafuta Emin Pasha kwa njia ya Kongo, na alileta maneno ya Leopold: Tippu Tip awe wali wa Maporomoko ya Stanley, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, azuie biashara ya watumwa kutoka pale kushuka mto, na aendelee na biashara yake mwenyewe. Pia atoe wapagazi kwa ajili ya Stanley. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi.

Mtu aliyeondoka Itawa na tani 30 za pembe hakutamani pauni 30. Tukitazama hali ya wakati ule tunaweza kuona kilichomvuta. Meli za moshi zingeshusha pembe zake mpaka Atlantiki bila wapagazi. Bunduki na baruti zingepatikana. Vita ambayo watu wake walikwisha kuianza ingesimama. Na muda ulikuwa mfupi, kwa sababu meli ilikuwa inangoja bandarini. Alitia saini tarehe 24 Februari, na kesho yake wakaondoka, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia Kongo kutoka Banana mwezi wa Machi. Hivyo Tippu Tip aliuona mdomo wa mto aliouacha miaka kumi nyuma. Lakini sasa alikuwa mtumishi wa yule aliyeufuata kabla yake.

Wahadhiri wetu wengine husema hakuwa na la kufanya. Kama angekataa, Wabelgiji wangekuja tu. Hoja hiyo ina uzito. Vita iliyotokea mwaka wa 1892 ingetokea labda mapema zaidi, naye angekuwa katikati yake. Lakini hoja hiyohiyo inatuonyesha alichonunua kwa saini yake: miaka michache. Bei yake ilikuwa bendera. Baada ya kuipandisha kwa mkono wake, hakuweza tena kusema kwamba nchi ile ni yake, au ya sultani, au ya watu waliozaliwa ndani yake. Alikuwa amekiri kwamba ni ya Leopold.

Waliobaki nyuma

Uwali haukumletea raha. Wapagazi alioahidi walichelewa, kwa sababu wengi hawakutaka kwenda, na baruti aliyoahidiwa haikufika. Kikosi cha nyuma cha Stanley kilikaa Yambuya kikifa kwa njaa na maradhi. Tippu Tip alipotoa watu 400 hivi, ilikuwa Juni 1888, na mwezi uliofuata mkuu wa kikosi, Meja Barttelot, alipigwa risasi njiani. Stanley alimlaumu Tippu Tip kwa yote, akamshitaki Unguja akidai pauni 10,000, kisha akaiacha kesi.

Mwaka wa 1890 Tippu Tip aliondoka Kisangani kwenda kujibu mashitaka hayo, akafika Unguja 1891. Hakurudi tena Kongo. Maporomoko alimwachia Rashid, mwana wa ndugu yake. Kasongo alimwachia mwanawe Sefu. Wakati huohuo Leopold alianza kudai pembe zote ziwe za dola yake. Mwaka wa 1892 vita ikalipuka. Ngongo Lutete, aliyejifunza kwa bwana wake kutambua upepo unavuma upande gani, alihamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Sefu alikufa vitani Oktoba mwaka huo. Ngongo naye hakuokolewa na uhodari wake: Wabelgiji walimshuku, wakampiga risasi Ngandu Septemba 1893, na miaka miwili baadaye askari waliokuwa watu wake waliasi Luluabourg.

Tippu Tip alikuwa salama Unguja, katika nyumba yake ya mji wa kale, na mashamba yake ya karafuu. Alikuwa ameishika nafasi ya mwisho vilevile kama alivyoishika ya Itawa na ya Utetera, na kama kule, gharama ililipwa na wengine. Safari hii tu, miongoni mwa waliolipa alikuwamo mwanawe. Wanavijiji wa Maniema na Lomami walilipa mara mbili: kwanza pembe kwa Wangwana, kisha mpira kwa Leopold. Kwao badiliko la bendera halikuwa nafasi wala kishawishi, maana hakuna aliyewauliza.

Kilichobaki

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905. Miaka michache kabla ya hapo alifanya jambo moja ambalo halikumletea faida yoyote. Mdachi Heinrich Brode alimwomba aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Brode aliyageuza kwa hati ya Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Huhesabiwa kuwa masimulizi ya kwanza ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe kwa Kiswahili. Padre François Bontinck aliyatoa kwa Kifaransa mwaka wa 1974, na hivyo Wakongo wengi zaidi wakaweza kuyasoma.

Kwa mwanafunzi wa lugha kitabu hicho ni hazina, na pia ni mtihani. Kiswahili chake ni cha mtu anayesimulia bila mapambo: siku ngapi, hatua ngapi, frasila ngapi. Usahihi huo unavutia mpaka msomaji asahau kuuliza kisichohesabiwa. Wapagazi wengi wamo bila majina. Wanawake waliokamatwa wamo kama sehemu ya mateka. Kasongo Rushie analia kwa furaha, nasi tunajua machozi yale ni ya mtu aliyedanganywa. Kishawishi cha msomaji ni kupanda juu ya bega la msimulizi na kutazama nchi kwa macho yake.

Kingine kilichobaki ni lugha yenyewe. Wangwana walizungumza Kiswahili katika misafara, katika miji ya Kasongo, Nyangwe na Kisangani, na wenyeji wakakigeuza kuwa chao. Wazungu walikiita Kingwana. Baadaye wamisionari, askari na migodi ya Katanga vilikipeleka mbali zaidi kwa njia nyingine, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Tippu Tip hakukusudia kutuletea lugha. Kama angeulizwa, labda angeihesabu pamoja na nguo na shanga. Wala haimwoshi, kwa sababu walioifanya lugha hii kuwa ya Kikongo ni wale waliobeba mizigo, walionunuliwa, waliotoroka, waliooana na kulea watoto ndani yake.

Turudi basi kwa methali zetu. Maisha ya mtu huyu hayaonyeshi kwamba haraka ni mbaya. Mwanafunzi anayemaliza masomo mwaka huu, akiitwa kazini leo na kutakiwa jibu kesho, hana nafasi ya kukaa kitako mwezi mzima akipima. Yanaonyesha kwamba swali la muda si swali la kwanza. Tippu Tip alijua kila mara pembe ni frasila ngapi na safari ni hatua ngapi. Hakujiuliza mzigo utakaa juu ya bega la nani, na ndiyo sababu siku aliyowekewa bendera mkononi hakuona kwamba safari hii mpagazi ni yeye.